Msuli wa Ndani wa Kiuno na Historia ya Jina Lake

Miongoni mwa misuli ya mwili wa mwanadamu umo mmoja usioonekana kwa jicho, wala haufikiwi kwa kidole kwa urahisi, kwa kuwa umelala nyuma ya matumbo, ubavuni mwa uti wa mgongo, ukashuka hata pajani. Matabibu huuita kwa jina la Kilatini lenye asili ya Kiyunani, psoas. Na katika makala haya nitaliandika kwa matamshi yetu, soasi. Mwanatiba akilitazama jina hili haoni ajabu yoyote. Mwanafunzi wa lugha akilitazama huona ya kuwa ni jina lililozaliwa katika kosa la sarufi, likakaa miaka mia tatu na zaidi, likapigiwa muhuri na mkutano wa wataalamu, na leo halifutiki tena. Nakusudia kueleza kwanza msuli wenyewe na kazi yake, kisha historia ya jina lake. Mwisho nitauliza swali linalotuhusu sisi wenye Kiswahili: je, tulipokee jina hili kwa sura yake, au tuipokee maana yake na kuivika maneno yetu?

Uti wa mgongo una pingili tano za kiuno. Msuli wa soasi huanzia katika pingili ya mwisho ya kifua, yaani ile ya 12, ukateremka ukijishikiza ubavuni mwa pingili zote tano za kiuno, katika diski zilizo baina yake, na katika vichomozo vya pembeni vya pingili hizo. Hupita mbele ya ukingo wa nyonga, na hapo hukutana na msuli mwingine mpana uliotandazwa ndani ya mfupa wa nyonga. Misuli hiyo miwili huungana katika kano moja, na kano hiyo hushikamana na kifundo kidogo kilicho upande wa ndani wa mfupa wa paja, karibu na kichwa chake. Figo hukaa jirani nao, na mishipa ya fahamu iendayo pajani husukwa ndani ya nyama yake kabla ya kutokeza nje. Kwa watu wapatao nusu uko pia msuli mdogo wa jina hilohilo, mwembamba, ulalao mbele ya ule mkubwa. Na wasio nao hawapungukiwi na kitu. Ndiyo sababu vitabu hutaja soasi kubwa na soasi ndogo.

Kazi yake yaeleweka kwa mfano mwepesi. Mtu apandaye ngazi huinua paja kabla ya kuweka mguu juu ya kidato. Paja hilo huinuliwa na msuli huu pamoja na mwenzake wa nyonga. Mtu aliyelala chali akainuka kuketi bila ya kujishikiza, miguu yake ikiwa imetulia, msuli uleule hufanya kazi kwa kuvuta upande wa pili: badala ya paja kufuata kiwiliwili, kiwiliwili hufuata paja. Tena asimamapo au aketipo wima, msuli huu ni mmoja wa zile kamba zinazoshikilia nguzo ya kiuno isiyumbe, kama kamba za mlingoti zishikavyo mlingoti katika jahazi. Tangu pingili za kiuno hata mfupa wa paja, msuli huu mmoja huunganisha mwili wa juu na mguu. Neno hili “huunganisha” nalitilia mkazo, maana ndilo litakalotuonyesha baadaye hatari ya kuukosea jina.

Wayunani walikuwa na neno psoa, lililotaja nyama ya kiuno, na aghalabu walilitumia katika wingi, psoai, kwa kuwa nyama hizo ni mbili, kuume na kushoto. Katika maandishi ya tiba yaliyokusanywa chini ya jina la Hippocrates, kitabu kihusucho viungo chazungumza habari za watu wenye kibyongo, na chataja ya kuwa baadhi yao hupatwa na majipu ya muda mrefu ya kiunoni na ya kinenani. Maneno hayo ni machache, lakini yana uzito mkubwa. Mtabibu wa zamani aliona kwamba uti wa mgongo uliopinda na jipu la kinenani vyaweza kuwa ugonjwa mmoja, ingawa chombo cha kuonyesha njia iliyopita baina yake hakikuwako.

Ugonjwa huo haukuanza na Wayunani. Mwaka 1910 Grafton Elliot Smith na Marc Armand Ruffer walieleza habari za maiti iliyokaushwa ya Nesperehan, kuhani wa Amoni katika Misri, aliyeishi yapata miaka 1000 kabla ya Kristo. Pingili za mgongo wake zilikuwa zimeliwa na kupinda, na katika mahali pa msuli wa soasi palikuwa na alama ya jipu kubwa lililoshuka. Kwa hiyo msuli huu ulikuwa njia ya usaha kabla haujapewa jina lolote tulijualo katika vitabu.

Sasa tufuate safari ya elimu. Galen, aliyezaliwa Pergamon mwaka 129 na kutabibu Roma, alichunguza misuli kwa kupasua nyani na wanyama wengine, na vitabu vyake vikawa msingi wa tiba kwa zaidi ya miaka elfu. Katika karne ya 9 Hunayn ibn Ishaq, aliyefariki mwaka 873, alivifasiri vingi huko Baghdad. Tujuavyo kutokana na maelezo yake mwenyewe, alikuwa akikusanya nakala kadhaa za Kiyunani na kuzilinganisha kabla ya kufasiri, na alitafuta maana ya sentensi nzima badala ya kubadilisha neno kwa neno. Baada yake alikuja Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, na kitabu chake cha Kanuni ya tiba. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12 na Gerard wa Cremona huko Toledo, na hivyo elimu ya Wayunani ikarudi Ulaya ikiwa imevaa kanzu ya Kiarabu.

Mwaka 1543 Andreas Vesalius alitoa huko Basel kitabu chake kikuu juu ya umbile la mwili. Katika kitabu hicho misuli mingi haina majina: huhesabiwa tu, wa kwanza, wa pili, wa tatu, kwa kadiri inavyosogeza kiungo fulani. Mwalimu wake wa Paris, Jacobus Sylvius, aliyefariki mwaka 1555, ndiye asifiwaye kwa kuanza kuipa misuli majina badala ya hesabu. Wenye kuisoma lugha hawataona shida kuifahamu faida yake. Hesabu humlazimu msomaji akumbuke orodha, na kila mwandishi akihesabu kwa njia yake orodha huvurugika. Jina hubaki na kitu chake hata orodha ikibadilika. Kwa ajili ya haja hiyo ya majina, wataalamu wa Ulaya walirudi katika Kiyunani kuchota maneno, na wengine walichota kwa haraka.

Hapa ndipo lilipoingia kosa. Wachunguzi wa asili ya istilahi za tiba hulitia jina la Jean Riolan, mtabibu wa Paris aliyefariki mwaka 1657, yule yule aliyepingana na William Harvey juu ya mzunguko wa damu. Husemwa ya kuwa alichukua sura ya neno iliyo katika hali ya kumiliki, psoas, yaani “ya psoa”, akaifanya kuwa jina lenyewe. Katika Kiyunani jina hubadilisha mwisho wake kwa kadiri ya kazi yake katika sentensi: psoa ni kiuno kikiwa mtendaji, na psoas ni “ya kiuno”. Kamusi nyingine hueleza jambo hili kwa njia tofauti kidogo, zikisema ya kuwa sura iliyochukuliwa ni ile ya wingi wa kitu kitendwacho, ambayo nayo huandikwa vivyo hivyo. Kwa vyovyote viwavyo, mwisho wa neno uliokuwa kazi ya sarufi ulifanywa kuwa kiungo cha neno lenyewe.

Ili tuone uzito wa kosa hili, na tufanye mfano katika lugha yetu. Mgeni asiyejua sarufi ya Kiswahili asikie watu wakisema “msuli wa kiuno”, kisha aandike katika kitabu chake ya kuwa nchi hii ina msuli uitwao “Wakiuno”. Wanafunzi wake wafundishe “Wakiuno Mkubwa” na “Wakiuno Mdogo”, na baada ya karne tatu pasiwe na mtu wa kuuliza hiyo “wa” ilitoka wapi. Ndivyo lilivyofanyika jina la soasi. Tena likapata na jinsia mpya: psoa ya Kiyunani ni jina la kike, lakini psoas, kwa kuwa mwisho wake wafanana na mwisho wa baadhi ya majina ya kiume ya lugha ile, likatendewa kama jina la kiume. Henry Gray katika kitabu chake cha mwaka 1858 aliuita psoas magnus, kwa kivumishi cha kiume kisicho na shaka.

Walakini mwanaisimu hana ruhusa ya kucheka. Kiswahili chenyewe kimejaa maneno ya namna hii, na hakuna ayaonaye kuwa aibu. Waarabu husema kitabu kwa neno ambalo “ki” yake ni sehemu ya shina, na wingi wake kwao ni kutub; sisi tuliisikia “ki” hiyo kama kiambishi cha ngeli, tukazaa vitabu. Waraka nao tuliutia katika ngeli yetu tukapata nyaraka, ambazo Mwarabu hazijui. Kinga ya matope katika gari tuliipokea kutoka kwa Waingereza ikiwa na “ma” mwanzoni; “ma” hiyo tukaihesabu kuwa ya wingi, na leo fundi asema madigadi mawili na digadi moja. Na mzunguko wa barabara uliopata jina lake kutokana na kibao kilichowaamuru madereva washike kushoto umekuwa kiplefti, na wingi wake viplefti. Maneno haya ni halali, kwa kuwa jamii yote imeyakubali na yanafuata kanuni za lugha iliyoyapokea. Kosa la mtu mmoja ni kosa. Kosa la umma, likikaa, huwa kanuni.

Hata hivyo iko tofauti kati ya kitabu na soasi, nayo haifai kupitwa. Kitabu kilipogeuzwa kiliingia katika mfumo hai: “ki” na “vi” zina kazi katika kila sentensi ya Kiswahili, na mtoto huzitambua. Ile “s” ya psoas haikuingia katika mfumo wowote. Kwa Mwingereza, kwa Mfaransa, na kwetu pia, ni herufi iliyobaki mwishoni mwa neno bila ya kazi. Tukilipokea jina hili kwa sura yake, tunapokea mwisho wa sarufi ya lugha nyingine uliokwisha kufa, na hatupokei hata chembe ya maana.

Mwaka 1895 wataalamu wa umbile la mwili waliidhinisha huko Basel orodha moja ya majina. Kabla ya hapo majina ya sehemu za mwili yaliyotumika katika vitabu mbalimbali yalikuwa yapata 50,000, kwa kuwa kiungo kimoja kiliweza kuwa na majina kadhaa. Orodha ya Basel iliyapunguza hata kufikia karibu 5,000. Kazi hiyo ilikuwa kubwa na yenye manufaa. Lakini kusawazisha si kusahihisha: jina la soasi lilisimamishwa kama lilivyo. Orodha za baadaye, ile ya Paris ya mwaka 1955 na ile ya kimataifa ya mwaka 1998, ziliendelea nalo. Hapana haja ya kuwalaumu. Mtu alirekebishapo jina ambalo limeenea duniani kote hupata usahihi mdogo na kuzaa utata mkubwa.

Walakini si mataifa yote yaliyofungwa na sura hiyo. Wajerumani, katika lugha yao ya kila siku ya tiba, huuita msuli huu mkubwa wa Lende, na Lende kwao ni kiuno. Neno hilohilo hutumika buchani kwa nyama ya sehemu hiyo, wala hawaoni haya. Waarabu nao hutumia jina litokanalo na qatan, yaani sehemu ya chini ya mgongo. Mataifa hayo mawili yalilitazama neno la Kiyunani, yakauliza Myunani alikuwa akisema nini, na yakasema vivyo hivyo kwa lugha yao.

Tukigeukia hazina ya Kiswahili, twaona kwamba hatukosi maneno. Tatizo letu ni mipaka yake. Kiuno ni neno pana. Mtu wa pwani asemapo kiuno chaniuma aweza kuwa anaonyesha mgongo wa chini, au ubavu ulio juu ya nyonga, au mzunguko wote ambapo mwanamke hufunga kibwebwe aingiapo kazini. Nyonga ni kiungo cha paja na sehemu iliyo karibu yake. Kinena ni pale paja likutanapo na tumbo. Wachinjaji nao wana neno sarara, waitalo nyama laini iliyoshikamana na uti wa mgongo wa mnyama. Kati ya maneno yote ya kwetu, sarara ndilo lililo karibu zaidi na kitu tunachokizungumza, kwa kuwa nyama iliyo laini kuliko zote upande wa ndani wa mgongo wa ng’ombe ni msuli huuhuu. Lakini sarara ni neno la nyama ya kuliwa. Mjerumani aweza kuunganisha buchani na hospitali katika neno moja; kwetu adabu ya mazungumzo na mgonjwa haikubali, na sidhani kama yuko mtabibu atakayethubutu kumwambia mzee wa watu ya kwamba sarara yake ina jipu.

Neno lililo gumu kuliko yote ni mshipa. Kwa mshipa twataja njia ya damu. Twataja mshipa wa fahamu. Twataja na kano. Na tena twasema mtu ana mshipa, tukimaanisha ngiri au uvimbe wa sehemu za siri. Katika mazungumzo ya nyumbani upana huu hauna madhara. Katika chumba cha mtabibu waweza kuwa na madhara makubwa, na hapa narudi kwa lile neno “huunganisha”.

Kifua kikuu hakishiki mapafu peke yake. Percivall Pott wa London aliandika mwaka 1779 juu ya mgongo uliopinda pamoja na miguu iliyopoteza nguvu, na Robert Koch alitangaza mwaka 1882 kijidudu kinacholeta kifua kikuu, ambacho ndicho chanzo kikubwa cha ugonjwa ule wa mgongo. Pingili za kiuno zikishikwa, usaha waweza kuingia ndani ya ala ya msuli wa soasi, na ala hiyo huuongoza chini kama mfereji. Hupita nyuma ya matumbo bila ya kuonekana, ukatokeza kinenani au juu ya paja, mbali na mahali ulikoanzia. Jipu hilo aghalabu halina joto wala wekundu, na kwa hiyo huitwa jipu baridi. Mgonjwa hulala akiwa amekunja paja, maana akilinyoosha msuli huvutika na maumivu huzidi.

Mtu huyu atasema nini akifika kwa mtabibu? Atasema ana mshipa. Naye msikilizaji, akiona uvimbe wa kinenani, atafikiri habari ya ngiri. Kiuno hakitatajwa, kwa sababu mgonjwa haoni uhusiano wowote kati ya mgongo uliomsumbua mwaka uliopita na uvimbe wa leo. Na akielezwa ya kuwa ana kifua kikuu cha mgongo, jina lenyewe litamtatiza: yawezekanaje kifua kiugue mgongoni? Dawa za ugonjwa huu ziko, na akizitumia miezi yote iliyoagizwa hupona. Lakini pingili zikiliwa sana kabla ya kutambuliwa, kupinda kwa mgongo hakurudi nyuma, na miguu yaweza kupooza. Hapa umaskini wa istilahi haupimwi kwa kurasa za kamusi peke yake.

Kwa hiyo nashauri tufuate njia ya Hunayn. Msuli huu na uitwe msuli wa ndani wa kiuno. Ule mkubwa uwe msuli mkuu wa ndani wa kiuno, na ule mdogo uwe msuli mdogo wa ndani wa kiuno. Jina ni refu, lakini kila neno lake lina kazi: “kiuno” lataja unakoanzia, na “wa ndani” lautenga na misuli ya mgongo iguswayo kwa nje. Mtabibu amwambiapo mgonjwa ya kwamba uko msuli utokao ndani ya kiuno ukashuka hata pajani, na ya kuwa usaha wa mgongo waweza kuufuata, mgonjwa ataelewa kwa nini anaulizwa habari za mgongo hali yeye amekuja kwa ajili ya kinena. Kwa jina la soasi peke yake, maelezo hayo yote yangepaswa kuanza upya kila mara.

Yuko atakayepinga, na hoja yake ina nguvu: mwanafunzi wa tiba atasoma vitabu vya kigeni, atafanya mitihani ya kigeni, na asipolijua jina la kimataifa atakuwa kama kipofu sokoni. Nakubali. Soasi na ibaki katika kitabu, kando ya jina la Kiswahili, ili mwanafunzi ayajue yote mawili; na wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni hapewi nyumba yote. Neno la kwanza katika ukurasa, na neno pekee katika mazungumzo na mgonjwa, liwe lile lenye maana.

Katika mshipa, kadhalika, kazi ingali mbele yetu. Wataalamu wameanza kutenga mshipa wa damu, neva, kano na ngiri, na kila moja ya istilahi hizo yastahili kufika katika zahanati na katika vitabu vya shule, isikae katika orodha za wataalamu tu. Itafaa wachunguzi wa lahaja watusaidie kwa kukusanya maneno ya kiuno, nyonga na kinena kama yasemwavyo Unguja, Pemba, Mombasa, Lamu na bara, pamoja na maneno ya wachinjaji, wakunga na wakandaji wa viungo, maana watu hao huujua mwili kwa mikono yao. Huenda katika maneno hayo limo moja lililo bora kuliko nililolipendekeza hapa, na likipatikana nitafurahi kuliacha la kwangu.